MATUNDU YA HEWA SI PAMBO LA UKUTA

Askari hufundishwa tangu siku yake ya kwanza kambini kwamba silaha isiyosafishwa humsaliti mwenyewe. Mtutu hupitishwa kitambaa, viatu hupigwa rangi, vitanda hutandikwa kwa kipimo kimoja, na mkuu wa kikosi apitapo kukagua hukuta kila kitu kimekaa mahali pake. Lakini iko sehemu moja ya makao yetu ambayo jicho la mkaguzi huipita pasipo kuiona. Sehemu hiyo ni ile safu ya matundu yaliyo juu ya madirisha na chini ya dari, ambayo wajenzi wa zamani waliyaacha kwa makusudi ili nyumba ipate kupumua.

Katika nyumba nyingi za zamani za Kampala, Jinja na Entebbe, za raia na za serikali, matundu hayo leo hayapitishi kitu. Mengine yamejaa masizi na utando wa buibui, mengine yamegeuzwa viota vya ndege, mengine yamezikwa chini ya rangi iliyopakwa tabaka juu ya tabaka, na mengi yameshindiliwa magazeti makuukuu, matambara na vipande vya maboksi. Ndani ya nyumba za namna hiyo wanalala askari wetu, wake zao na watoto wao. Ni maoni yetu kwamba usafishaji wa njia za hewa ni jambo la nidhamu na la uhai, na kwamba wakati umewadia wa kuuingiza katika ukaguzi wa kawaida wa kila kambi ya jeshi na kila kituo cha polisi.

Sababu zaeleweka

Hatuwalaumu ovyo wale walioyaziba. Mji wa Kampala uko karibu meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua baridi yake hupenya hadi mifupani. Mbu huingia kwa njia hiyo hiyo ya hewa. Vumbi la barabara huingia, na mkono wa mwizi nao huweza kuingia pale ambapo nondo zimekatika. Aidha, katika kambi kuukuu za polisi wako askari walioishi miaka mingi katika vibanda vya mviringo vya mabati, vile ambavyo desturi ya kambini imevipa jina la "mama ingia pole", ambamo pazia moja ndilo linalotenga mahali pa wazazi na mahali pa watoto. Mtu aliyerudi kutoka lindoni saa nane za usiku hatafuti elimu ya hewa. Hutafuta joto, na tambara lililo karibu ndilo litakaloziba tundu.

Hayo yote twayajua. Hata hivyo, pumzi haina likizo. Nyumba iliyozibwa hukusanya moshi wa kupikia, unyevu wa nguo zianikwazo ndani, ukungu mweusi juu ya kuta, na pumzi ya kila mwenye maradhi. Kifua kikuu huenea kwa hewa. Vijidudu vyake, vikishatoka katika kifua cha mgonjwa anayekohoa, vyaweza kuelea kwa saa nyingi ndani ya chumba kisicho na mkondo wa hewa, vikimngoja mwingine avivute. Katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya miaka ya 2021 hadi 2025, Uganda iliwekwa miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa maradhi hayo. Shirika hilo hilo lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto wenye umri chini ya miaka mitano walizidi 237,000. Adui anayeua watu kwa hesabu ya namna hiyo hastahili kuachiwa mlango wazi, wala hastahili kufungiwa ndani pamoja nasi.

Jeshi lililouawa na vyumba vyake

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya mabwana na mabibi afya, wala hayamhusu mtu wa bunduki. Historia ya majeshi yawajibu vingine. Katika Vita vya Crimea, vilivyopiganwa mwaka 1853 hadi 1856, askari wa Uingereza waliokufa kwa maradhi waliwazidi kwa mbali wale waliouawa na risasi. Katika hospitali ya Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, majeruhi walilazwa juu ya mifereji michafu katika kumbi zisizo na hewa. Mwezi Februari 1855 walikuwa wakifa wagonjwa 42 hivi kwa kila 100. Mwezi Machi ilifika tume ya usafi, ikazibua mifereji, ikaondoa mizoga na uchafu, ikafungua njia za hewa. Kufikia mwezi Juni vifo vilikuwa vimeshuka hadi 2 hivi kwa kila 100.

Muuguzi mashuhuri Florence Nightingale, aliyekuwapo huko, aliporudi kwao hakunyamaza. Yeye na wenzake walisukuma iundwe Tume ya Kifalme ya mwaka 1857, iliyochunguza hali ya afya ya jeshi hilo hata wakati wa amani. Yaliyogunduliwa yaliitia serikali aibu. Askari waliokaa kambini nyumbani kwao, vijana waliochaguliwa kwa siha zao, walikuwa wakifa kwa kiasi cha karibu mara mbili ya raia wa umri wao. Maradhi ya kifua yalikuwa mstari wa mbele, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni msongamano katika vyumba vya kulala pamoja na hewa chafu. Hapakuwa na adui aliyevuka mpaka. Waliuawa na vyumba vyao.

Kutokana na uchunguzi huo kulitolewa kipimo cha futi za ujazo 600 kwa kila askari katika chumba cha kulala, yaani meta za ujazo 17 hivi. Tuchukue kipimo hicho tukilete kwetu. Chumba chenye meta 3 kwa meta 3, na kimo cha meta 2 na nusu, kina meta za ujazo 22 na nusu. Kwa kipimo cha karne ile, chumba hicho chamtosha askari mmoja tu. Akilala humo yeye, mkewe na watoto wanne, kila mmoja hupata meta za ujazo zisizofika 4. Ikiwa chumba hakiwezi kupanuliwa leo wala kesho, basi njia iliyobaki ni kuibadilisha hewa yake mara nyingi zaidi. Kazi hiyo ndiyo iliyopewa matundu.

Wajenzi wa zamani waliijua. Ukizitazama nyumba kuukuu za mijini mwetu, utaona dari zilizoinuliwa, madirisha makubwa yanayokabiliana, na matundu ya juu yasiyo na kifuniko. Hewa yenye joto hupanda na kutokea juu, na hewa baridi ya nje huingia chini kushika nafasi yake. Upepo nao husukuma upande mmoja na kuvuta upande wa pili. Hakuna mashine, hakuna umeme, hakuna ankara ya mwisho wa mwezi. Watafiti waliopima wodi za hospitali katika mji wa Lima, nchini Peru, na kutoa matokeo yao mwaka 2007, walikuta kwamba majengo ya kabla ya mwaka 1950, yenye dari ndefu na madirisha mapana, yalibadilisha hewa vizuri kuliko majengo ya kisasa, na kwamba kufungua madirisha na milango kulishinda hata vyumba vilivyotegemea mashine za kusukuma hewa. Basi anayekaa katika nyumba ya zamani asijihesabu mnyonge. Amerithi kifaa kizuri, na kilichobaki ni kukisafisha.

Sigiri ni adui aliye ndani ya boma

Hapa twataka tusikilizwe kwa makini kuliko mahali pengine popote. Askari polisi ndio huitwa kwanza kuvunja mlango wa chumba ambacho wenyewe hawakuamka, na wengi wenu mnajua kinachokutwa humo: watu wamelala kwa utulivu, hakuna jeraha, hakuna dalili ya fujo, na pembeni sigiri yenye majivu. Mkono uliowaua ni gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikiingia katika damu hushikamana nayo kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni, na mwili hukosa hewa ijapokuwa kifua kinapanda na kushuka.

Hatari yenyewe hujificha nyuma ya desturi inayoonekana kuwa ya busara. Mama huwasha makaa nje, hungoja hadi moshi uishe na makaa yawe mekundu, kisha huingiza sigiri ndani ili chumba kipate joto au maharage yaendelee kuchemka. Yeye huamini kwamba moshi ukiisha, hatari nayo imekwisha. La hasha. Makaa mekundu yasiyo na moshi huendelea kutoa gesi ile, na katika chumba kilichozibwa huzidi kukusanyika. Aliye macho ataumwa kichwa, ataona kizunguzungu, atasikia kichefuchefu na miguu kulegea. Aliyelala hataona lolote.

Kwa hiyo twasema bila kupindapinda: sigiri haina ruhusa katika chumba cha kulala, hata matundu yawe yamesafishwa na kung'aa. Matundu safi hupunguza moshi wa kila siku, lakini hayawezi kuwa leseni ya kulala na makaa. Jenereta nayo isiwekwe barazani chini ya dirisha, kwa kuwa moshi wake hubeba sumu ile ile. Na mkiitwa kuokoa, msikimbilie ndani na kukaa humo. Fungueni mlango na madirisha, watoeni watu nje haraka, wapelekeni hospitali hata kama wamezinduka, wala asibaki mtu ndani akikagua vyombo kabla hewa haijabadilika.

Mbu asiwe kisingizio

Hoja ya mbu ni nzito, na hatutaki kuipuuza. Mbu aenezaye malaria hupenda kuingia usiku kupitia nafasi zilizo chini ya paa, na malaria ni adui wa zamani wa jeshi lolote katika nchi hizi. Lakini dawa ya mbu haiwi tambara. Dawa yake ni wavu wa waya uliokazwa vizuri juu ya tundu, ambao humzuia mbu na kuiruhusu hewa. Tena wavu nao una sharti lake: jikoni hunasa masizi na mafuta, na upande wa barabara hunasa vumbi, mpaka baada ya miezi michache unageuka kuwa ukuta. Wavu usiooshwa hautofautiani na gazeti.

Kazi ya kusafisha haihitaji utaalamu mkubwa, ila inahitaji utaratibu. Watoto na chakula vitolewe kwanza chumbani. Mwenye kupanda ngazi afunike pua na mdomo, na mwenzake aishike ngazi. Vumbi na kinyesi cha ndege au popo vinyunyiziwe maji kabla ya kuguswa, kwani vumbi kavu la kinyesi cha popo laweza kubeba ukungu unaodhuru mapafu, na mtu hapaswi kulifagia likiwa kavu. Uchafu ushushwe kwa brashi, ukusanywe na kufukiwa. Wavu uoshwe kwa sabuni na maji ya moto, na uliotoboka ubadilishwe. Tundu lililofunikwa kwa rangi lizibuliwe kwa patasi. Mara mbili kwa mwaka yatosha, mwezi Februari na mwezi Agosti, kabla ya misimu miwili ya mvua ambapo milango hufungwa mapema na wagonjwa wa kifua huongezeka.

Kwa kuijua kazi iliyofanyika, wekeni ukanda mwembamba wa karatasi karibu na tundu, mlango ukiwa umefungwa na dirisha la chini likiwa wazi. Ukicheza, hewa inapita. Ukining'inia kama bendera siku isiyo na upepo, rudini juu mkatazame tena.

Onyo moja halina budi kutolewa. Katika baadhi ya majengo ya zamani ziko paa na mbao za dari zilizotengenezwa kwa asbesto. Nyuzi zake zikivutwa huleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi. Mtu asizisugue, asizikate wala kuzitoboa ili kutengeneza tundu jipya. Hapo aitwe mhandisi.

Mashine za kigeni na hekima ya kununua

Katika miji ya nchi za baridi kama Marekani, nyumba nyingi hupata joto kutoka tanuri lililo chini ya nyumba, na joto hilo husambazwa vyumbani kwa mabomba mapana ya bati yaliyofichwa ndani ya kuta. Katika nyumba za zamani mabomba hayo hujaa vumbi la miaka mingi, na imezuka kazi maalumu ya kuyasafisha kwa brashi ndefu na mashine kubwa za kufyonza. Kazi hiyo ni halali na ina manufaa yake. Lakini Idara ya Mazingira ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 1997, iliwaonya wananchi kwamba haijathibitika kuwa usafishaji huo pekee huzuia maradhi, na kwamba wausafishe mfumo wao pale wanapoona ukungu ndani yake, panya au wadudu, au vumbi lililoziba njia. Iliwatahadharisha pia juu ya kunyunyiza madawa kiholela ndani ya mabomba.

Onyo hilo latufaa sisi pia, kwa sababu wapo wafanyabiashara watakaogonga mlango wa bwalo, ofisi au nyumba ya Afande wakiwa na mashine yenye kelele na ahadi nyingi. Waulizwe kwanza: njia ipi imeziba, na imeziba kwa nini? Waonyeshe uchafu kabla ya kulipwa, na waonyeshe usafi baada ya kazi. Nyumba yenye matundu ya ukutani haihitaji mashine yao. Majengo makubwa yenye mitambo ya kupoza hewa, kama vile hospitali na hoteli, ndiyo yanayohitaji fundi wa kweli na ratiba ya kweli.

Kwa hao wenye mitambo uko mfano ambao askari hawapaswi kuusahau. Mwezi Julai 1976, askari wastaafu wa chama cha American Legion walikutana katika hoteli moja ya Philadelphia. Baada ya siku chache wakaanza kuugua homa kali ya mapafu. Waliougua walikuwa 221, wakafariki 34, wengi wao askari hao wa zamani waliosalimika vitani. Kidudu kilichowaua kilitambuliwa miezi sita baadaye, Januari 1977, kikapewa jina linalotokana na chama chao, na mfumo wa kupoza hewa wa jengo lile ndio ulionyoshewa kidole. Kidudu hicho hustawi katika maji yasiyotunzwa ya mitambo mikubwa. Ama vile viyoyozi vidogo vya ofisini na vyumba vya mawasiliano, hivyo havina maji ya namna hiyo, lakini vina kasoro nyingine: vingi huizungusha hewa ile ile ya chumbani bila kuleta mpya. Chujio lake lioshwe, na dirisha lifunguliwe kila zamu inapobadilishana.

Wajibu ni wa nani?

Wajibu wa kwanza ni wa mwenye nyumba, askari na familia yake, kwa sababu tambara lililo tunduni liliwekwa na mkono wa nyumbani na laweza kutolewa na mkono huo huo leo jioni.

Wajibu wa pili ni wa makamanda. Mkuu wa kambi anapopanga ukaguzi, aagize sajini meja wake atazame juu kama atazamavyo chini, na daftari la ukaguzi liwe na mstari wa matundu kama lilivyo na mstari wa vyoo. Agizo lisilokaguliwa huishia ubaoni.

Wajibu wa tatu ni wa wale wenye dhamana ya majengo, nao ndio mzito zaidi. Haiwezekani kumwambia mama wa kambini asipike ndani ikiwa mvua inanyesha na hana jiko la nje lenye paa. Haiwezekani kumwambia askari asizibe tundu ikiwa wavu wa waya haupatikani ghalani. Kila nyumba ya askari inayokarabatiwa irudishiwe matundu yake kabla ya kupakwa rangi. Kila nyumba mpya ijengwe na matundu ya juu na ya chini katika kuta zinazokabiliana, yakiwa na nyavu tangu siku ya kwanza, pamoja na jiko lililotengwa na chumba cha kulala na lenye dohani inayopanda juu ya paa. Wahandisi wetu wanao ujuzi huo, na gharama ya wavu na saruji ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kumtibu askari kwa miezi sita ya kifua kikuu huku lindo lake likishikwa na mwenzake.

Na wale ambao huduma imewapeleka kupanga vyumba katika nyumba za zamani za mjini, wamwendee mwenye nyumba kwa adabu na kumdai tundu kama wanavyomdai kufuli la mlango.

Twawaomba wakuu wa kambi na vituo wasingoje waraka. Agosti ijayo, kabla mvua hazijafika, wazitolee ngazi, ndoo na brashi siku moja ya kazi za usafi, nao waanze na mabweni ya askari wapya, ambako vijana wengi hulala chini ya dari moja. Wakimaliza huko, waendelee na nyumba za familia, mlango kwa mlango.